Shafti ya mbele inapolia Mbuchi

Kata usukani mpaka mwisho upande wa kulia, kanyaga mafuta taratibu, kisha sikiliza. Ukisikia ta-ta-ta-ta kwenye tairi la mbele la kushoto, sauti inayokwenda mbio gari likiongeza mwendo na kunyamaza ukinyoosha usukani, ugonjwa umeshajulikana. Jointi ya shafti upande wa tairi, ile ambayo mafundi wanaiita sivijointi, imekwisha. Ukiwa Dar es Salaam huo ni usumbufu wa siku moja: asubuhi unalipeleka gari gereji, jioni unalifuata. Ukiwa Mbuchi ni habari nyingine.

Mbuchi iko ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Huku mto unapoikaribia Bahari ya Hindi hujigawa mikono mingi, na mikono hiyo imezungukwa na msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Kwa vizazi vingi safari ya huku ilikuwa ya mtumbwi, na baadaye boti ya mashine. Barabara zimekuja polepole. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo aliyekuwa akienda Kusini alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea alilala ng'ambo akisubiri. Ndani ya delta yenyewe, daraja la Mbuchi lililojengwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, limewafanya watu waliozoea kupanga safari kwa kujaa na kupwa kwa maji waanze kupanga kwa gari.

Gari likishafika, ubovu wake nao umefika. Kibiti mjini kuna mafundi, lakini mwenye kutafuta shafti ya RAV4 ya mwaka fulani na injini fulani mara nyingi ataishia Dar es Salaam, takriban kilomita 140 kutoka Kibiti, na kutoka Kibiti hadi Mbuchi kuna safari nyingine juu yake. Kulivuta gari bovu umbali huo nako ni hasara, nitaeleza kwa nini. Ndiyo maana nasema kazi hii ifanyike nyumbani, gari likiwa palepale lilipo. Inawezekana, na ikifanywa kwa subira inaweza kuwa nzuri kuliko ya gereji nyingi za mjini, mradi mchanga usipate nafasi.

Tuanze na chuma chenyewe. Tairi la mbele la RAV4, X-Trail, Harrier au Kluger linadaiwa kazi nyingi kwa wakati mmoja. Linazunguka kwa nguvu ya injini, linakata kona, na linapanda na kushuka kila gari linapopita kwenye shimo. Fimbo ya chuma iliyonyooka haiwezi kulifuata tairi kote huko. Krosi za kawaida, kama zile za propela ya lori, zinakubali kupinda, lakini zikipinda sana mwendo wake hauwi sawa: katika kila mzunguko shafti inayozungushwa huongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Dereva angeusikia usukani ukitetemeka mkononi kila kona.

Mhandisi Alfred Rzeppa, aliyefanya kazi katika kampuni ya Ford huko Marekani, alilitatua jambo hilo miaka ya 1920 kwa gololi sita. Ndani ya kikombe cha chuma kuna kichwa chenye mifereji, na kikombe nacho kina mifereji yake. Gololi zinakaa katikati, zimeshikwa na kizimba. Jointi ikipinda, kizimba huzipeleka gololi zote kwenye mstari unaogawa pembe katikati, ndiyo maana upande wa pili unazunguka kwa kasi ileile ya upande wa kwanza, hata pembe ikifika digrii 45. Mwaka 1959 gari dogo la Mini la Uingereza liliichukua jointi ya namna hiyo na kuipeleka kwa watu wa kawaida. Leo karibu kila gari linalovuta kwa tairi za mbele lina gololi hizo. Upande wa ndani, kwenye giaboksi, mara nyingi kuna jointi ya aina nyingine: kichwa chenye mikono mitatu na roli tatu zinazoteleza ndani ya kikombe kirefu, ili shafti iweze kurefuka na kufupika tairi linapopanda na kushuka.

Vyuma hivi vinafanya kazi kwenye grisi nyeusi yenye molibdeni, na grisi inazuiwa na mpira wenye mikunjo uliobanwa kwa klipu mbili. Maisha ya shafti nzima yamo kwenye mpira huo. Ukichanika, mzunguko unairusha grisi yote nje, na mahali pa grisi huingia maji na mchanga. Gololi iliyokuwa iking'aa huanza kuchimba mifereji yake. Kwa hiyo kabla ya kusikia ta-ta-ta, gari limeshakupa dalili: michirizi myeusi ya grisi upande wa ndani wa rimu, juu ya shokapu na kwenye amu ya chini. Anayechungulia huko kila anapoosha gari ataukuta mpira umechanika na jointi bado nzima. Huyo atabadili mpira na grisi tu, na shafti itaendelea kuishi. Anayengoja sauti atanunua shafti. Nawaomba sana wenye magari wa delta wawe wa kundi la kwanza.

Sababu za mpira kuchanika huku ni nyingi kuliko mjini. Kuna visiki na mizizi pembeni mwa njia, kuna makome na magamba ya chaza karibu na vijito, na kuna tope la mfinyanzi linaloganda kwenye mikunjo ya mpira, likakauka likawa gumu, na mpira ukijikunja unakatika kwenye kingo zake. Juu ya yote kuna chumvi. Siku za bamvu maji hupanda hadi kwenye njia ambazo siku za maji mafu ni kavu kabisa, na gari likipita hapo hulowa chumvi chini yote. Chumvi hiyo haiuli mpira haraka, lakini inakula chuma, hasa pale meno ya shafti yanapoingia kwenye habu. Shafti iliyokaa miaka kadhaa bila kuguswa katika mazingira haya huganda ndani ya habu kana kwamba imechomelewa. Kuosha chini ya gari kunasaidia, lakini kwa maji baridi. Visima vingi vya delta vina maji ya chumvi, na kuoshea maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ndiyo yanayofaa.

Wenye Hard Top watasema wao hawayajui haya, na wana sehemu ya haki. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, zina difu la mbele la bomba zima, na jointi yake ya gololi, ambayo wenye Land Cruiser duniani kote wanaiita Birfield, imefichwa ndani ya tufe la chuma lililojazwa grisi. Hakuna mpira wa mikunjo unaoning'inia nje ukingoja kisiki. Hata shafti ya mbele ikikatika, mengi ya magari hayo yanaweza kufunguliwa habu za mbele yakarudi nyumbani kwa tairi za nyuma. Lakini tufe nalo lina sili yake ya kufutia matope. Sili hiyo ikichoka, maji ya bamvu yanaingia ndani bila mwenye gari kujua, na grisi inageuka uji wa kijivu. Ukiona grisi inatiririka juu ya tufe, au mafuta mepesi ya difu yamechanganyika nayo, fungua mapema. Kazi ya Hard Top ni nzito na ndefu, inahitaji makala yake peke yake. Hapa nabaki na magari ya familia, kwa kuwa ndiyo yanayonunuliwa kwa wingi sasa, na mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika.

Ununuzi wa shafti unafanyika kabla ya kugusa nati hata moja. Gari lililofunguliwa shafti haliendi popote, na tundu la giaboksi lililo wazi linamwaga mafuta. Kwa hiyo nenda Dar es Salaam, Gerezani au Kariakoo, au mtume mtu unayemwamini, ukiwa na namba ya chesisi, aina ya injini, picha ya shafti ikiwa bado kwenye gari, na jibu la maswali haya: ni upande gani, gari ni la otomatiki au la mkono, lina ABS au halina. Upande ni jambo la msingi. Katika Toyota nyingi za namna hii injini imelala kulia na giaboksi kushoto, hivyo shafti ya kulia ni ndefu na ya kushoto ni fupi. Pamoja na shafti nunua nati mpya ya habu, kotapini kama gari linaitumia, sili ya oili ya giaboksi ya upande huo, na mafuta ya giaboksi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Sili ndiyo inayosahauliwa. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ukiikosa utamtuma kijana na bodaboda kurudi Kibiti kwa ajili ya duara la mpira linaloenea kiganjani.

Kuhusu mtumba na mpya, maoni yangu ni haya. Shafti ya mtumba iliyotoka Japani na mipira yake ikiwa laini, isiyo na nyufa, mara nyingi inaizidi shafti mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka. Lakini ishike dukani, ikunje jointi ya nje mpaka mwisho na uizungushe polepole. Ukihisi inakwama na kuachia, iache. Ipindishe kama unayekamua nguo. Ikiwa na mchezo unaosikika, iache. Shafti ikifika Mbuchi, ilaze kando ya gari uilinganishe na iliyopo: urefu, idadi ya meno ya ncha zote mbili, na pete ya ABS kama ipo. Hesabu meno kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Jino moja likizidi, shafti haiingii, na ni heri kulijua hilo gari likiwa bado linatembea.

Sasa mahali pa kufanyia kazi. Ardhi ya delta ni laini. Jeki ikiwekwa moja kwa moja kwenye udongo itazama upande mmoja, na gari litakwenda nayo. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki, zuia tairi za nyuma kwa mawe au magogo mbele na nyuma, vuta hendibreki. Gari likishainuka lilaze juu ya stendi. Kama stendi hakuna, tumia magogo ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa na kupangwa kwa kupishana, chini ya sehemu ngumu ya bodi. Usitumie tofali za saruji. Tofali hubeba mzigo kwa ukimya halafu hupasuka ghafla bila kuonya. Na asiingie mtu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana iliyoanguka. Hili nalisema kwa uchungu, maana vifo vya namna hii vinajulikana nchini na kila kimoja kilikuwa na njia rahisi ya kuepukwa.

Lakini kabla ya kuinua gari kuna nati ya katikati. Hii ndiyo inayowashinda wengi. Kwenye RAV4 nyingi inataka soketi ya milimita 30, na kiwandani imekazwa kwa zaidi ya Nm 200, karibu mara mbili ya nati za tairi, ambazo kwa Toyota hizo ni Nm 103. Ongeza miaka ya chumvi juu ya hapo. Ilegeze gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake, kofia ya rimu imetolewa, na mtu amekanyaga breki kwa nguvu. Kwanza toa kotapini, au kama ukingo wa nati umegongwa ukazama kwenye mfereji wa shafti, uinue kwa tindo nyembamba mpaka mfereji uonekane wazi. Usiruke hatua hii. Anayelazimisha nati kabla ya kuinua ukingo huharibu uzi wa shafti, na kama lengo lilikuwa kuokoa shafti ile ili ibadilishwe mpira tu, ameshaipoteza. Kisha mwaga mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Asubuhi vaa soketi, chomeka bomba refu la chuma kwenye mpini, na ukae upande ambao bomba likiteleza halitakupiga. Uzito wa mtu mmoja kwenye bomba la mita moja na nusu unazidi nguvu za vijana watatu wenye spana fupi. Nati itapiga kelele kali kama mlango wa kale, halafu itaachia.

Kuna wanaoipiga nati kwa tindo na nyundo mpaka izunguke. Wanafanikiwa, ndiyo, lakini kila pigo linapita kwenye beringi ya habu. Wiki chache baadaye gari linaanza kuunguruma kwenye mwendo wa barabara ya lami, na mwenye gari anailaumu shafti mpya aliyonunua.

Nati ikishalegea, inua gari, toa tairi, kisha mwaga mafuta ya giaboksi kwenye chombo safi. Fungua waya wa ABS kwenye kishikizo chake usije ukakatika. Toa tairodi, halafu fungua boljointi ya chini pale inaposhikana na amu. Amu isukumwe chini kwa bomba, na habu yote itakuwa huru kuvutwa nje. Hapo shafti inapaswa kutoka kwenye habu kwa kusukumwa. Ikiwa imeganda, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya shafti ili uzi usitanuke, weka kipande cha mbao ngumu juu yake, na ugonge kwa mapigo mazito yaliyopishana na subira na mafuta zaidi. Ikikataa kabisa, kinachofaa ni puli ya kusukumia. Usiongeze ukubwa wa nyundo.

Upande wa ndani unataka akili kuliko nguvu. Shafti imeshikwa ndani ya giaboksi na kibanio cha waya cha duara, saklipu, na inatoka kwa kutekenywa na mtaimbo mwembamba kati ya kikombe cha ndani na giaboksi. Usiivute kwa kushika fimbo. Ukivuta fimbo, roli tatu zitachomoka ndani ya kikombe, mpira utajaa vyuma vilivyotawanyika, na kikombe kitabaki palepale kwenye giaboksi. Mtaimbo uegemezwe mahali penye chuma kinene, kwa sababu mwili wa giaboksi ni wa aluminiamu na unavunjika kirahisi. Pigo moja la haraka linafaa kuliko kusukuma kwa muda mrefu. Kikombe kikitoka, kishike kwa mkono wa pili ukitoe kikiwa kimenyooka, kisikwaruze sili.

Hapa sasa ndipo pa kupunguza mwendo. Tundu lililobaki wazi ni mlango wa moja kwa moja wa kuingia ndani ya giaboksi, na upepo wa kaskazi hauchagui pa kupeleka mchanga. Lizibe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Tandaza jamvi, na juu ya jamvi kiroba kipya, na kila kinachotoka kwenye gari kilazwe hapo. Shafti mpya ibaki kwenye nailoni yake mpaka dakika ya kuingia. Anayeshika grisi asishike udongo, na anayeshika udongo asishike grisi. Kama ni mtu mmoja, anawe kwa sabuni katikati.

Kwa jambo hili Mbuchi ina watu wenye ujuzi ambao wenye magari hawawatumii vya kutosha. Mafundi wa mashine za boti wamekuwa wakifungua na kufunga chuma karibu na maji ya chumvi tangu zamani. Wanaijua sili iliyochoka kwa kuipapasa midomo yake, wanajua grisi iliyoingiwa na maji inavyobadilika rangi, na wanajua kwamba uzi wa chuma uliowekwa bila grisi pwani hautafunguka tena. Shafti ya rafadha ya boti na shafti ya RAV4 zinaokolewa na kitu kilekile: midomo ya mpira inayozuia maji yasiifikie beringi. Kijana aliyefundishwa kwenye mashine ya boti, akipewa kitabu cha gari na soketi sahihi, ana msingi mzuri kuliko aliyejifunzia kwenye gereji bubu ya mjini mahali ambapo haraka ndiyo inayolipa.

Na delta hii ilishashuhudia watu wakihangaika na chuma kizito kwenye tope lake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikono ya Rufiji tangu mwaka 1914 na ikazama huku Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, na ikakokotwa nchi kavu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja uko Mombasa, Ngome ya Yesu, mpaka leo. Mabega yaliyoivuta mizinga hiyo yalikuwa ya Waafrika, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Turudi kwenye tundu la giaboksi. Toa sili ya zamani kwa bisibisi bila kukwaruza ukuta wake, futa, paka sili mpya mafuta ya giaboksi kwenye midomo, na uigonge polepole mzunguko mzima mpaka ikae kwa kina kilekile cha ile ya zamani. Sili iliyokaa upande ni sili itakayovuja. Kwenye ncha ya shafti mpya hakikisha saklipu ni mpya na mdomo wake umeelekea chini. Ingiza shafti ikiwa imenyooka, tafuta meno kwa kuizungusha kidogo, kisha isukume kwa pigo moja. Utaisikia ikiingia. Vuta kikombe, si fimbo, kwa mkono. Kisipotoka, kimeshika.

Meno ya upande wa habu yapakwe grisi kidogo sana kabla ya kuingia, ili fundi atakayekuja miaka mitano baadaye asipigane na kutu. Rudisha boljointi, tairodi na waya wa ABS. Nati mpya ya habu ikazwe mwisho, tairi likiwa chini na breki imekanyagwa, kwa spana ya kupimia kama inapatikana Kibiti kwa kuazima, na kipimo kiwe cha kitabu cha gari hilo. Halafu ukingo wake ugongwe ndani ya mfereji, au kotapini iingie. Nati ya zamani isirudi kazini. Gari lisisukumwe hata hatua chache kabla nati hiyo haijakazwa, kwa kuwa ndiyo inayoibana beringi. Gari likitembezwa juu ya beringi isiyobanwa, beringi inaweza kuharibika.

Neno moja kuhusu shafti iliyokatika njiani, mbali na nyumba. RAV4 yenye shafti ya mbele iliyokatika kwa kawaida haiendi, kwa sababu difu lake linaipeleka nguvu upande usio na mzigo. Ukilivuta gari la otomatiki kwa kamba umbali mrefu tairi zikiwa chini, giaboksi inazunguka bila kupata mafuta yake vizuri, na utatengeneza ubovu mkubwa kuliko ulioanza nao. Likilazimika kuvutwa hatua chache kutoka kwenye maji yanayojaa, kipande cha nje cha jointi kibaki kwenye habu kikiwa kimekazwa nati, na tundu la giaboksi lizibwe imara. Baada ya hapo, tafuta ardhi ngumu na ufanye kazi palepale. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara kuu ya Kusini huko Kilwa, magari yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Siku kama hizo gari zima ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitali ya Mchukwi. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja shafti itoke Gerezani.

Jaza mafuta ya giaboksi mpaka kiwango, injini ikiwa kwenye joto linalotakiwa na gari likiwa sawasawa. Tafuta uwanja wa wazi, kata usukani mpaka mwisho kulia na uzunguke polepole, kisha kushoto, kisha rudi nyuma huku umekata vilevile. Pasiwe na ta-ta-ta. Nenda moja kwa moja, kanyaga mafuta ghafla, uachie ghafla. Mtikisiko ukitokea hapo, angalia jointi ya ndani. Rudi nyumbani, uguse habu kwa kiganja. Ikiwa ya moto kuliko ya upande wa pili, nati au beringi haiko sawa na gari lisiende popote. Kaza tena nati za tairi. Usiku tandaza boksi safi la karatasi chini ya giaboksi, na asubuhi ulitazame kabla ya kuwasha gari. Likiwa kavu, safari ya Kibiti inaweza kuanza.